Apolo Kivebulaya, Mtu Aliyebeba Jembe Lake



Jumapili iliyopita somo lilitoka Wakorintho wa Pili sura ya 10, pale Paulo anaposema wazi kwamba watu wanaojipima kwa kutazamana wao kwa wao hawana akili. Ni neno gumu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi tunayofanya kutwa kucha. Hapa Isiolo hakuna anayekuuliza una ng'ombe wangapi, hiyo ni adabu mbaya, lakini kila mtu anajua. Na mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, kuna wazee waliobaki na fimbo peke yake. Mzee wa namna hiyo akiketi barazani na wenzake, hakuna anayemtukana, lakini yeye mwenyewe hupunguza sauti. Kijana naye hushika simu usiku akahesabu wale aliomaliza nao kidato cha nne: huyu ana gari, yule yuko Qatar, huyu amejenga. Mama anaangalia picha za harusi za wenzake. Yaani tunaumia bila mtu kutupiga.

Kwa hivyo katika ukurasa huu wetu wa maisha ya watumishi, wiki hii tunakwenda Uganda na Kongo, kwa mtu anayeitwa Apolo Kivebulaya. Wengi wetu hatujamsikia. Huko Boga, mashariki mwa Kongo, mtoto mdogo anamjua.

Alizaliwa karibu mwaka 1864 katika eneo la Singo, Buganda. Alikuwa pacha, ndiyo sababu aliitwa Waswa. Ujana wake haukuwa wa kanisani hata kidogo. Alikaa kwa mganga akijifunza kazi ya uganga, akaona ujanja uliokuwa ndani yake, akaacha. Akasoma kwa Waislamu kwa muda. Alivuta bangi. Alibeba silaha wakati Buganda ilipopasuka kwa vita vya dini, kuanzia mwaka 1888. Katikati ya hayo yote alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule mmisionari fundi wa chuma na mashine, na neno likabaki ndani kama mbegu iliyosubiri mvua. Alibatizwa mwaka 1895, mtu mzima wa miaka 30 hivi, akachukua jina la Apolo, yule Myahudi wa Iskanderia aliyejua Maandiko sana katika Matendo ya Mitume.

Jina la Kivebulaya halikutoka kwa mchungaji. Lilitoka barabarani. Apolo alikuwa na koti jekundu la askari alilolipenda na kulivaa juu ya kanzu yake, na watu wakaanza kumwita hivyo, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Nasema wazi kwamba jambo hili linanifurahisha. Mtu wetu alianza kama vijana wetu wanavyoanza, na nguo ya kuonekana. Mungu hakumvua lile koti kwanza ndipo amtumie.

Sasa hapa sikiza vizuri, kwa sababu bila hili hutaelewa uzito wa alichofanya.

Baada ya vita vile, kuwa Mkristo Buganda hakukuwa hasara tena. Ile miaka ya 1885 na 1886, Kabaka Mwanga alipoua wasomaji, ilikuwa imepita. Kuanzia mwaka 1892 vyeo vya nchi viligawanywa kwa dini, na aliyejua kusoma kitabu alikuwa na njia ya kuwa chifu. Kisha mwaka 1900 ukaja ule Mkataba wa Uganda na Waingereza. Maili za mraba 8,000 zikatengwa kwa machifu na watu wakubwa wapatao 1,000. Ndiyo ile ardhi inayoitwa mailo hadi leo, na jina lenyewe limetoka kwenye hizo maili. Hebu fikiria hayo, wewe ambaye umekaa ukingoja hatimiliki ya ploti moja ya futi 50 kwa 100. Waganda wa rika la Apolo, watu waliopigana vita vile vile na kusoma kitabu kile kile, waliamka siku moja wakiwa wenye ardhi, na vizazi vyao vinaila mpaka sasa.

Mwaka huo huo wa 1900, mwezi wa Desemba, Apolo alifanywa shemasi. Maili hakupata. Alipata kazi ya kutembea.

Wakati huo alikuwa ameshaondoka Buganda. Mwaka 1895, mwaka ule wa kubatizwa, alitumwa magharibi mpaka ufalme wa Toro, chini ya milima ya Ruwenzori. Na huko Toro alisikia habari za mahali panapoitwa Boga, ng'ambo ya mto Semliki, kando ya msitu mkubwa wa Kongo. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia huko wakarudi. Chifu wa Boga, Tabaro, aliwakatalia watu kuwapa chakula, na njaa ikawatoa.

Lazima nieleze hapo kidogo. Mwalimu wa Kiganda wakati ule alikuwa mtu wa heshima. Alizoea kuletewa ndizi na kukatiwa kuni. Kushika jembe mbele za watu wa nchi ngeni kulikuwa kujishusha, hasa kwa mwanamume, kwa sababu Buganda shamba la ndizi ni kazi ya wanawake. Basi Apolo alipokubali kwenda Boga mwisho wa mwaka 1896, alifanya kitu kimoja kidogo kabla ya safari: alinunua jembe. Akalibeba pamoja na vitabu vyake, akavuka milima, akavuka mto. Chifu akikataa kumlisha, atalima.

Mimi naona mahubiri yake ya kwanza Boga yalikuwa lile jembe. Tabaro alikuwa na silaha moja tu ya kumfukuza mwalimu, na ilikuwa aibu. Alijua kwamba mtu mkubwa asiyehudumiwa atarudi kwao. Lakini huyu hakuwa anajipima kwa nani anamletea chakula, hivyo ile silaha haikupata mahali pa kumchoma. Alilima, akapanda, akafundisha watu kusoma. Watu wakaanza kuja.

Ndipo chifu akaona hatari. Apolo alisema juu ya pombe, juu ya hirizi, juu ya kuoa wake wengi, na mambo hayo matatu yalikuwa ndani ya nyumba ya Tabaro. Alipigwa vibaya. Nyumba yake ya nyasi ikachomwa. Kisha ikatokea ajali: dada yake chifu aliangukia mkuki akafa, na Tabaro akasema aliyeua ni mwalimu. Apolo akafungwa minyororo, akapelekwa Toro kwa Waingereza na kutiwa gerezani kama muuaji.

Alikuwa Mwanglikana wa kanzu na kitabu cha sala, si Mpentekoste, lakini usiku ule wa gereza sidhani kama kuna mtu wa kanisa hili atashindwa kuuelewa. Alikuwa chini kabisa. Kwa hesabu ya watu hakuwa hata mwalimu tena, alikuwa mshtakiwa. Na hapo, kama alivyoshuhudia yeye mwenyewe mara nyingi baadaye, Yesu Kristo alimtokea aking'aa kama jua, akamwambia asiogope, aende akahubiri msituni kwa maana yeye yuko pamoja naye. Tangu siku hiyo, Apolo alisema, hofu ilimwachia. Angalia Bwana hakumwambia nini. Hakumwahidi kwamba atamfanya mkubwa kuliko Tabaro, wala kwamba maadui zake wataaibika. Alimwambia yuko pamoja naye. Kwa Apolo hiyo ikatosha kwa miaka 35 iliyofuata.

Mashtaka hayakusimama. Aliachiliwa, akarudi Boga, kwa yule yule aliyemfunga. Na Tabaro akavunjika moyo, akaomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo. Nadhani yeyote aliyechagua jina lile alijua anachofanya.

Mwaka 1903 Apolo alifanywa kasisi. Miaka mingi aliyofuata alitumwa huku na huku katika Toro, akijenga makanisa na kufundisha, na sitakuchosha na orodha ya vituo. Mpaka kati ya Waingereza na Wabelgiji ulipokamilishwa katika miaka ya 1910, Boga ikaangukia upande wa Kongo. Kanisa lile dogo likakatwa na mwili wake. Apolo akaomba arudishwe huko, na akakaa huko mpaka kufa.

Sisi watu wa Isiolo tunaelewa jambo la mpaka. Wazee wetu walizoea kusema mtu akipita kizuizi kuelekea Nanyuki kwamba anaenda Kenya, kana kwamba hapa si Kenya. Lami ilikuwa inaishia hapa, na pamoja na lami heshima ilikuwa inaishia hapa. Mpaka leo kuna vijana wanaona haya kutaja wanakotoka wakifika Nairobi. Lakini Apolo alitembea upande ule mwingine. Aliacha mahali penye kasri la Kabaka na kanisa kubwa la Namirembe, akaenda kule ambako mwenzake yeyote angesema amepotea. Wala hakuna dalili kwamba alienda akinung'unika.

Kuhusu kuoa. Alikuwa na mchumba, na yule msichana alifariki kabla ya harusi. Apolo hakutafuta mwingine. Katika Afrika ya wakati ule, na wacha tusijidanganye, hata ya leo, mwanamume asiye na mke na mtoto huhesabiwa nusu. Wapo ndugu na dada katika kanisa hili wanaosoma mstari huu na koo limekaza, kwa sababu kila mazishi na kila harusi lazima shangazi aulize lini. Sisemi kwamba kila mtu aishi vile. Nasema tu kwamba mtu huyu hakuwahi kupata mke, hakupata mtoto wa kuzaa, na nyumba yake Boga ilikuwa imejaa watoto wa kulea, mayatima na wanafunzi, waliokula alichokilima. Alipanda kahawa, akafuga ng'ombe, na kilichopatikana kilitoka haraka kuliko kilivyoingia.

Alipokaribia miaka 60, umri ambao mtu wetu anaanza kutafuta kiti chenye mgongo, alianza kazi yake kubwa kuliko zote. Hiyo ilikuwa mwaka 1921 hivi. Aliingia msitu wa Ituri kuwatafuta Wambuti.

Hao ndio Kiswahili kinawaita mbilikimo. Sikiza jina lenyewe. Ndani yake mna kimo. Yaani kabla hujamjua mtu, umeshampima urefu, na kipimo ndicho kimekuwa jina lake. Walikuwa watu wa kuwinda na kurina asali, wakibadilishana nyama na ndizi za wakulima wa pembeni mwa msitu, na wakulima wale waliwahesabu kama mali yao. Wengi hawakuona sababu ya kumhubiria mtu wa namna hiyo.

Usifikiri waliodharau walikuwa Waafrika jirani peke yao. Mwaka 1906, katika mji wa New York, kijana mbilikimo kutoka Kongo jina lake Ota Benga aliwekwa katika bustani ya wanyama, kwenye nyumba ya nyani, na watu kwa maelfu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi wa Marekani ndio waliosimama kupinga mpaka akatolewa. Akapewa nguo, akapelekwa shule, akapata kazi. Lakini mwaka 1916, kule Lynchburg, Virginia, alijiua kwa bunduki. Mpendwa, kujipima kwa macho ya watu si jambo la kuchekesha. Kuna mtu amekufa kwa ajili yake, na huenda unaketi na mwingine wa hivyo kiti kimoja kanisani bila kujua.

Na sisi kaskazini hatuna haja ya kwenda Kongo wala Marekani kulielewa hili. Tunajua jinsi Waata, watu wa kuwinda na kurina asali, walivyoshushwa kwa vizazi na sisi wafugaji, hata kuoana nao ikawa mwiko. Tunajua jinsi wahunzi walivyotengwa kwa Wasamburu, ingawa mkuki wa kila moran ulitoka mkononi mwao. Tunaimba pamoja Jumapili. Lakini likija suala la posa, ukoo huulizwa kimya kimya, hata na watu waliookoka.

Miaka michache baada ya kifo cha Ota Benga, basi, Mganda huyu mwenye nywele zinazoanza kuwa mvi alikuwa anatembea kwa miguu msituni, akilala katika kambi za Wambuti, katika vibanda vya majani ambavyo mtu mrefu lazima ainame kuingia. Walimkimbia mwanzoni. Walikuwa wamezoea kwamba mgeni anataka kitu. Aliketi nao, akala nao, akarudi tena na tena, akawaletea walimu, na akashughulikia kupatikana kwa Injili ya Marko kwa lugha yao. Fikiria hilo la lugha. Watu ambao jirani hakuwahesabu kuwa watu kamili waliambiwa kwamba Mwana wa Mungu anaweza kusema kama wanavyosema wao, wala hakuna haja ya kuwa mkulima kwanza au Mganda kwanza ndipo asikie.

Hakuwafanya warefu. Hakuwahamisha msituni ili wafanane na wengine. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakupigania mambo mengine, ardhi yao, haki yao mbele ya serikali ya Wabelgiji, na ni swali la haki. Lakini kabla hajafa aliwabatiza Wambuti wa kwanza, na katika ibada waliketi pamoja na watu waliozoea kuwaita mali. Kwa mahali pale na wakati ule, kuketi benchi moja kulikuwa jambo zito.

Mwaka 1922, kanisa lilimpa cheo cha kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Ni heshima kubwa. Aliipokea, akarudi zake Boga. Sioni kama alikuwa anadharau vyeo, maana kuna unyenyekevu wa uongo unaokataa kila kitu ili usifiwe, na huo nao ni kujilinganisha tu kwa mlango wa nyuma. Alichukua cheo kama alivyochukua lile koti jekundu na lile jembe, kitu cha mkononi. Ukimpa, sawa. Usipompa, yeye ni yule yule asubuhi.

Ukitaka kujijua uko wapi katika jambo hili, usijichunguze siku uliyofanikiwa. Jichunguze siku mwenzako amefanikiwa. Jirani akifungua duka la pili, mtoto wa dada yako akiitwa chuo kikuu na wako amebaki nyumbani, yule mliyeanza naye kwaya akipewa madhabahu: moyo unasema nini kabla mdomo haujasema Haleluya? Hapo ndipo unapoona thamani yako umeiweka wapi. Paulo katika Wagalatia sura ya 6 anataka kila mtu aitazame kazi yake mwenyewe, na furaha yake iwe hapo, bila kumtumia jirani kama mizani. Na kama kazi yako leo ni mbuzi watatu waliobaki, basi ni hao watatu, na Bwana anayekutazama hajabadilisha jinsi anavyokuita tangu walipokuwa 80.

Apolo alipougua kwa mara ya mwisho, alitaka kufia Boga, si Buganda. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, akikaribia miaka 70. Hakuacha mke wala mtoto wa kumzika. Waliomzika walikuwa watu wa Boga na watu wa msitu. Kanisa Anglikana la Kongo lilianza kwake, na mwaka 1992 likawa jimbo linalojitegemea.

Kuhusu kaburi lake alikuwa ameacha agizo. Desturi ilikuwa kumlaza Mkristo kichwa kikielekea mashariki, na mashariki ya Boga ndiko kuliko Toro na Buganda, kwao, kwenye mashamba ya mailo ya wenzake. Apolo alisema wamlaze kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko haikuwa imekwisha. Wakamzika hivyo.

Katika vikundi vya nyumbani wiki hii tutasoma Matendo 18:24 mpaka 28, kuhusu yule Apolo wa kwanza, na jinsi Prisila na Akila walivyomchukua kando kumfundisha bila kumuaibisha. Njoo na Biblia yako, na kama kuna jirani ambaye hujawahi kumkaribisha nyumbani kwako kwa sababu ya ukoo wake, njoo naye.